Mtakatifu Agostino na Shule ya Upendo

Mtakatifu Agostino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Akiwa mwanafunzi huko Kartago alitamani kupenda na kupendwa, lakini hakutofautisha upendo na tamaa. Aliishi na mwanamke bila ndoa, wakamzaa Adeodato.

Rafiki yake mpendwa alipofariki, Agostino alizama katika huzuni. Baadaye alitambua kwamba alikuwa amempenda binadamu kana kwamba hatakufa kamwe.

Jaribu kubwa lilimpata Milano. Alipangiwa kuoa binti mwingine, na mama wa Adeodato akarudishwa Afrika. Mwanamke huyo aliondoka akimwachia mwana wao, akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Agostino aliumia sana. Hata hivyo, kwa kushindwa kumngoja mchumba wake miaka miwili, alitwaa mwanamke mwingine. Ndipo alipojitambua kuwa mtumwa wa tamaa.

Mwaka 386 aliongoka, na Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi pamoja na Adeodato. Akiwa Askofu wa Hippo, hadi alipofariki tarehe 28 Agosti 430, alifundisha kwamba upendo una utaratibu: Mungu kwanza, na wanadamu wapendwe katika Yeye.

Nasi tujichunguze: tunapotamka neno upendo, je, tunamtakia mwenzetu mema, au tunatafuta tu kuijaza njaa yetu? Jina la mwanamke yule halikuandikwa, lakini uaminifu wake ungali unatufundisha.