Paul Harrington, daktari aliyenyoosha migongo ya watoto wa polio

Ugonjwa wa polio ulipoukumba mji wa Houston, Marekani, katika miaka ya 1940, watoto wengi walinusurika kifo lakini wakabaki na misuli iliyopooza. Uti wa mgongo, uliokosa misuli ya kuushikilia, ulizidi kupinda kadiri walivyokua. Mapafu yalibanwa, na wengine walishindwa hata kuketi.

Tiba ya wakati huo ilikuwa kumfunga mtoto plasta nzito kiwiliwili kizima kwa miezi mingi. Kwa mtoto ambaye tayari anapumua kwa taabu, plasta hiyo ilikuwa hatari mpya.

Tatizo hilo lilimkabili Dokta Paul Harrington. Alizaliwa mwaka 1911 huko Kansas, akaichezea timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas, akasomea udaktari, kisha akatumikia jeshi kama daktari katika Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha alihamia Houston.

Kwanza alijaribu kuzibana pingili za mgongo kwa skrubu. Mgongo ulinyooka, halafu ukapinda tena. Ndipo akabuni ufito wa chuma cha pua wenye kulabu mbili, moja juu ya kipindo na nyingine chini yake. Kulabu hizo zilisukumwa zitengane hatua kwa hatua, mithili ya jeki inyanyuavyo gari.

Hata hivyo, fito zilikatika na kulabu zikachomoka, na baadhi ya madaktari wenzake wakamshutumu. Harrington alitambua kwamba chuma pekee hakitoshi, kwani kikitikiswa kila siku huchoka. Kazi yake ni kuushikilia mgongo kwa muda tu, mpaka pingili zilizopandikizwa vipande vya mfupa ziungane. Alipoanza kufanya yote mawili kwa pamoja, matokeo yalibadilika.

Mwaka 1962 alichapisha taarifa ya kazi yake, na fito zake zikaenea duniani. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kimataifa cha watafiti wa maradhi hayo. Alifariki dunia mwaka 1980.

Wakati huo, Eduardo Luque wa Mexico alikuwa ameanza kuufunga ufito kwa waya kwenye kila pingili, badala ya kutegemea kulabu mbili tu. Njia hiyo iliwafaa zaidi watoto wenye misuli dhaifu, kwani wengi wao hawakuhitaji tena plasta baada ya kupasuliwa.