Kazadi Mwamba, Mlinda Lango

Kazadi Mwamba alizaliwa mwaka 1947. Alilinda lango la Englebert ya Lubumbashi, timu iliyoanzishwa na wamonaki Wabenedikto mwaka 1939. Pamoja na taifa letu alitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara 2, mwaka 1968 na 1974.

Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani, Yugoslavia walimfunga mabao 3 kabla ya dakika ya 20. Kocha akamtoa mbele ya watu wote. Mwenzake akafungwa 6 mengine. Baada ya siku 4 Kazadi alirudi langoni kuwakabili Wabrazili. Akafungwa 3, lakini alisimama mahali pake hadi mwisho. Vijana wetu na wamkumbuke kwa siku hiyo pia.