Mizigo ya Swami Vivekananda

Swami Vivekananda alizaliwa Calcutta tarehe 12 Januari 1863, akaitwa Narendranath Datta. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye kipato kizuri, lakini alipofariki mwaka 1884 aliiacha familia katika madeni. Wengi wetu humkumbuka Swamiji kwa hotuba ya Chicago. Sisi leo tunapenda kutazama alichokibeba njiani.

Kuanzia mwaka 1888 alizunguka Bara Hindi akiwa sanyasi. Mali yake ilikuwa fimbo, chombo cha maji na vitabu viwili: Bhagavad Gita na kitabu cha Thomas à Kempis juu ya kumfuata Kristo. Alikwenda kwa miguu, na treni aliipanda pale tu mtu alipomkatia tiketi. Vitabu vingine alivisoma kwa wenyeji wake. Kule Khetri alijifunza sarufi ya Kisanskriti kwa mwanachuoni wa mahali hapo. Usiku huu alilala kwa maharaja, usiku mwingine kwa fukara, na hakuwa na cha kupakia wala kupakua. Katika Gujarat yetu alipita Ahmedabad, Limbdi, Junagadh na Porbandar, bandari ambayo baadhi ya wazee wetu walipandia majahazi kuja pwani hii.

Tarehe 31 Mei 1893 aliondoka Bombay kwa meli. Raja wa Khetri alikuwa amemwandalia joho la hariri na tiketi ya daraja la kwanza, na sasa Swamiji alikuwa na sanduku na mikoba. Alipofika Japani aliwaandikia rafiki zake wa Madras kwamba kuvitunza vitu hivyo kulikuwa kunamchosha. Na ajabu ni kwamba katika mizigo yote ile hamkuwa na nguo nzito hata moja. Alivuka Pasifiki hadi Vancouver akitetemeka kwa baridi. Sisi wenye maduka tunalifahamu jambo hili: ghala limejaa, na anachokitaka mteja hakimo.

Alifika Chicago mwishoni mwa Julai, akaambiwa kuwa Bunge la Dini halingefunguliwa hadi Septemba na kwamba mjumbe alihitaji barua ya utambulisho. Fedha zikawa zinakwisha, akahamia upande wa Boston ambako maisha yalikuwa nafuu. Huko Profesa John Henry Wright wa Harvard alimwandikia barua ya kumtambulisha. Aliporudi Chicago, anwani aliyopewa ilikuwa imepotea. Husimuliwa kwamba alilala ndani ya behewa tupu stesheni, na kulipokucha akabisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba, kama alivyozoea kwao. Hapa watu walimfukuza. Aliketi kando ya barabara amechoka, hata Bibi Hale, aliyeishi nyumba ya mkabala, akatoka na kumkaribisha ndani.

Tarehe 11 Septemba alisimama mbele ya maelfu ya watu akiwa na joho lake na kilemba, bila hata karatasi mkononi.