Annalena Tonelli, Mama wa Wagonjwa wa Kifua Kikuu

Jina la Annalena Tonelli nililisikia mara ya kwanza Garissa, katika mkahawa mmoja karibu na mto Tana. Nilikuwa nimetoka Lamu kwa njia ya Garsen na Hola, na vumbi lilinifanya nikohoe sana. Mzee mmoja wa Kisomali aliyeketi karibu nami hakunikimbia. Alinishauri nikapimwe, kisha akaniambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutapika damu, na aliyemponya ni mwanamke wa Kitaliani huko Wajir.

Ndugu msomaji, habari ile ilinichoma moyo. Nyumbani kwetu tulikuwa na mjomba mwenye kifua kikuu. Tulimtengea kikombe, sahani na mkeka, na watoto tukakatazwa kumkaribia. Kwa aibu akaacha kwenda kuchukua dawa, na hatimaye akafariki. Basi nikataka kujua mama huyu alifanya nini ambacho sisi tulishindwa.

Annalena alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, Italia. Alisomea sheria. Mwaka 1969 alikuja Kenya akiwa mwalimu, na baadaye akahamia kaskazini mashariki. Hakuwa mtawa wala daktari, ingawa baadaye alisomea tiba za nchi za joto, kifua kikuu na ukoma. Alikuwa Mkristo, naye akaishi maisha ya kimaskini kabisa kati ya Waislamu, bila mshahara.

Huko alikuta watu wakiangamia kwa ugonjwa ambao Wasomali huuita qaaxo. Mgonjwa aliogopwa na kutengwa. Tena wafugaji ni watu wa kuhama. Matibabu ya siku zile yalichukua mwaka au zaidi, na mvua ikinyesha mbali, mgonjwa hufuata ngamia wake. Akiacha dawa katikati, maradhi hurudi yakiwa sugu, naye huwaambukiza wengine.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji. Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza, ngumu kutenda. Wagonjwa walijenga vibanda vyao wenyewe karibu na kituo, katika manyatta, wakaishi humo miezi sita. Kila mmoja alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Miaka ya 1990 utaratibu wa kumwangalia mgonjwa akimeza dawa ulienezwa duniani kote, na Annalena huhesabiwa miongoni mwa waliotangulia.

Hapo ndipo nilipotambua kosa letu. Kifua kikuu husafiri hewani, kwa kikohozi cha mgonjwa ambaye hajatibiwa. Kikombe hakina hatia. Kinga ni dawa kamili, kufunika mdomo, madirisha wazi na mwanga wa jua. Dini yetu nayo ilitufunza zamani kutoingia wala kutoka penye tauni. Lakini haikutufunza kumdhalilisha mgonjwa.

Kisha ukaja mtihani mwingine. Mwezi Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Waliwavua nguo, wakawalaza juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja vifo 57. Wenyeji husema ni mamia, hata maelfu. Annalena alitoka na gari kuwatafuta waliotupwa porini. Aliwahudumia majeruhi na kusaidia kuzika maiti. Kidonda kilicholala mchangani siku nyingi hakingoji: sharti mikono ioshwe, uchafu utolewe, maji safi yapite, kitambaa safi kifungwe na kubadilishwa, na mwenye kiu anyweshwe. Tena alisaidia habari za mauaji yale zifike nje ya nchi. Mwaka 1985 aliondolewa Kenya.

 Aliingia Somalia, akatumika Merca, na kuanzia mwaka 1996 akawa Borama, ambako aliendesha hospitali ya kifua kikuu na kuanzisha shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi hospitalini kwake, akafa.

Mzee wa Garissa alipomaliza kunisimulia alisukuma birika upande wangu, nikamimina chai katika kikombe alichokuwa akinywea. Nilikunywa nikimkumbuka mjomba. Kesho yake nilikwenda kupimwa. Nawaomba wasomaji wenye mgonjwa nyumbani wafungue madirisha, wamsindikize kuchukua dawa, na wakae naye mpaka ameze.