Mzee Kakungulu na nyumba yake

Jumapili tulikuwa Mwanzo 17, Ibrahimu na miaka yake 99 akitahiriwa siku moja na Ishmaeli wa miaka 13 na wanaume wote wa boma. Nikaona vijana wa nyuma wanacheka. Basi niwape ya mzee mmoja wa hapa karibu, ng'ambo tu ya Malaba.

Semei Kakungulu alikuwa Mganda, jemadari hodari. Aliokolewa na Waprotestanti, kisha akashika bunduki akawatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda. Alitumaini watamfanya mfalme huko. Wapi! Walimpunguza kidogo kidogo mpaka akabaki na mashamba yake Mbale. Wengi wakitendewa hivyo hugeukia chupa. Yeye aligeukia Biblia yake ya Kiganda.

Karibu mwaka wa 1913 alijiunga na Wamalaki, watu waliokataa dawa za hospitali. (Kwa hilo mimi siko nao. Mgonjwa tunamwombea na hospitali anaenda.) Lakini alipofika kwenye tohara, hakuweza kuiruka. Wenzake wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka wa 1919, akikaribia miaka 50, akatahiriwa, yeye na wanawe.

Nyinyi watu wa Bungoma mtasema, kwani hiyo ni nini? Kweli, Wagisu wa Mbale ni ndugu za Wabukusu, na jando wanalo. Waganda hawakuwa nalo kabisa. Fikirieni basi jemadari mzima mbele ya watu wake.

Mwaka wa 1920 akaja mgeni Myahudi, Yosef, akakaa miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na vyakula. Hapo ndipo walipoacha Agano Jipya, na hapo njia yao na yetu zikaachana, siwafichi. Mwaka wa 1922 mzee akachapisha kitabu cha sala na mafundisho kwa Kiganda, ili nyumba zake ziwe na kitu cha kusomea. Akafariki 1928.

Sasa sikieni wazazi. Idi Amin alipoingia 1971, dini yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi wakahamia Ukristo au Uislamu. Waliobaki ni familia chache zilizoomba ndani kwa siri, baba na mama wakiwafundisha watoto. Sisi 2020 kanisa lilipofungwa miezi michache tu kwa sababu ya korona, ni nyumba ngapi hapa 56 ziliendelea na maombi ya jioni? Jijibu mwenyewe, usimwangalie jirani.

Amin alikimbia 1979. Familia zile zikatoka hadharani, na mpaka leo, kwenye vilima vya Mbale, mtoto wa kiume wa Abayudaya hutahiriwa siku ya nane.