Frances Perkins, mama wa mafao ya uzeeni Marekani

Wengi wenu mnaotusikiliza mna ndugu waliohamia Marekani, wakiwemo waliotoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Wakipiga simu hutaja kadi mbili: ya karatasi yenye tarakimu 9, na ya plastiki ya kununulia chakula. Huku nyumbani tunazichanganya, tukidhani zote ni fedha za bure. Ili tuelewe kila moja ilitoka wapi, leo tunasimulia maisha ya Frances Perkins.

Alizaliwa Boston tarehe 10 Aprili 1880, katika familia isiyokuwa na shida. Alipokuwa chuoni Mount Holyoke, alikohitimu mwaka 1902, wanafunzi walipelekwa viwandani kuona watu wanavyofanya kazi. Aliona wanawake na watoto wakitumikishwa kwa saa nyingi na ujira mdogo. Hapo akaanza kujiuliza kwa nini mtu anayefanya kazi kwa bidii abaki maskini.

Tarehe 25 Machi 1911 alikuwa New York, amealikwa chai nyumbani kwa rafiki, kelele za moto zikasikika. Kiwanda cha nguo cha Triangle kilikuwa kinaungua. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za wazima moto hazikufika ghorofa zile za juu. Perkins aliona kwa macho yake wafanyakazi wakijirusha madirishani. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Tangu siku hiyo alishika kazi ya kudai sheria za kuwalinda wafanyakazi.

Nyumbani nako mambo magumu

Aliolewa mwaka 1913 na akazaa binti mmoja. Miaka michache baadaye mumewe akaanza kuugua ugonjwa wa akili, na mzigo wa kulisha familia ukamwangukia yeye. Alijua kwa maisha yake mwenyewe kwamba nyumba inaweza kuyumba bila kosa la mtu yeyote.

Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alimwita awe Waziri wa Kazi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa waziri katika serikali kuu ya Marekani kabla yake. Wakati huo uchumi ulikuwa umeanguka, na karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Benki zilikuwa zimefungwa na akiba za wazee zimepotea. Kabla ya kukubali, Perkins alimpa Rais orodha ya mambo anayotaka kuyafanya: kima cha chini cha mshahara, kukomesha ajira ya watoto, bima ya wasio na kazi na mafao ya uzeeni. Rais akaridhia.

Sheria ya mwaka 1935

Mwaka 1934 aliongoza kamati iliyoandaa mpango huo. Sheria ilisainiwa tarehe 14 Agosti 1935, nayo ilikuwa na njia mbili za kusaidia watu.

Njia ya kwanza ni ya kuchangia. Mfanyakazi anakatwa sehemu ndogo ya mshahara, mwajiri naye anachangia kiasi kilekile. Makato yalianza mwaka 1937 kwa asilimia 1 kila upande. Anayefikisha umri wa kustaafu hulipwa kila mwezi. Ili michango ya mtu isipotee, kila mmoja alipewa namba yake. Ndiyo ile kadi ya karatasi. Haina fedha ndani yake. Kazi yake ni kuonyesha kumbukumbu ya mchango ni ya nani.

Njia ya pili ilikuwa msaada kutoka kodi, kupitia majimbo, kwa wazee maskini, vipofu na watoto wasio na mtu wa kuwalisha. Hapa mtu hakuchangia, bali hali yake ilichunguzwa kwanza.

Kasoro moja inatugusa sisi watu wa mashamba. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje ya mafao ya uzeeni, na wengi wa watu weusi wa kusini walifanya kazi hizo. Waliolima chakula cha nchi nzima wakazeeka bila kitu. Mabadiliko ya mwaka 1950 ndiyo yaliyoanza kuwaingiza. Bima ya afya nayo iliachwa, kwa kuwa madaktari wengi waliipinga.

Kadi ya chakula ilikujaje?

Hii ina njia yake. Mwaka 1939 serikali ilianza kugawa stempu za chakula katika mji wa Rochester. Mpango huo ulisimama mwaka 1943, baadaye ukarudi na kuthibitishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Baadaye stempu za karatasi ziliondolewa, ikaja kadi ya plastiki inayoitwa EBT, yenye namba ya siri. Kila mwezi kiasi fulani huwekwa humo. Fedha za chakula hazinunui sabuni, sigara wala pombe. Familia inayopata pia msaada wa fedha taslimu huweza kuupokea kwenye kadi hiyohiyo, lakini hesabu zake ni mbili tofauti.

Masharti ya nani anastahili, hasa kwa wageni, hubadilika. Aliye huko aulize ofisi ya jimbo lake, na namba ya siri asimpe mtu, hata anayejitambulisha kwa simu kuwa ni ofisa.

Miaka ya mwisho

Perkins alitukanwa sana, na mwaka 1939 baadhi ya wabunge walitaka aondolewe madarakani. Hawakufaulu. Alibaki waziri hadi 1945, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Cornell. Alifariki tarehe 14 Mei 1965 akiwa na miaka 85. Miezi miwili na nusu baadaye, sheria ya bima ya afya kwa wazee ikasainiwa.

Kwa hiyo ndugu yenu akitaja kadi, mwulizeni ni ipi. Ya tarakimu 9 ni kumbukumbu ya jasho lake. Ya plastiki ni msaada wenye masharti, na akiyajua masharti hayo hatapoteza haki yake.