Nadhiri Katikati ya Theluji: Maisha ya Virginia Reed na Familia Yake

Tunapozungumzia jinsi imani inavyoenea, mara nyingi tunawakumbuka wamisionari, makatekista na wahubiri. Leo tunamtazama msichana wa miaka 13 aliyeivutiwa imani Katoliki bila mmisionari wala katekista. Ilimfikia ndani ya kibanda cha magogo kilichofukiwa na theluji, alipokuwa akiisikiliza familia moja ikisali. Jina lake ni Virginia Reed. Habari ya safari yake ni miongoni mwa habari zinazosimuliwa sana kuhusu wahamiaji wa mwanzo waliovuka bara la Amerika kwenda California.

Familia ya Springfield

Virginia alizaliwa mwaka 1833 huko Springfield, jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake, Margret, akaolewa na James Reed, mhamiaji kutoka Ireland. Reed alimlea Virginia kama damu yake mwenyewe, na Virginia hakumjua baba mwingine. Baadaye walizaliwa Martha, aliyeitwa Patty, kisha James na Thomas.

Reed alikuwa mfanyabiashara wa samani mwenye uwezo. Aliwahi kutumika kwenye kikosi kimoja cha wanamgambo na Abraham Lincoln, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani. Hata hivyo mama yao alisumbuliwa sana na maumivu ya kichwa, na habari za hali ya hewa nzuri ya California zilikuwa zimeenea kila mahali. Mnamo Aprili 1846 familia iliondoka na magari ya kukokotwa na maksai, pamoja na familia mbili za ndugu George na Jacob Donner. Mbele yao kulikuwa na safari ya kilomita zipatazo 4,000.

Bibi yao mzaa mama, Sarah Keyes, alikuwa mgonjwa, lakini hakukubali kuachana na binti yake. Alifariki njiani tarehe 29 Mei, wakamzika chini ya mti katika nchi ambayo leo ni jimbo la Kansas. Lilikuwa kaburi la kwanza la safari hiyo.

Njia ya mkato

Mtu mmoja aitwaye Lansford Hastings alikuwa ameandika kitabu akisifu njia ya mkato ambayo, wakati anaandika, yeye mwenyewe hakuwa ameipita. James Clyman, aliyewahi kuwa askari pamoja na Reed, alikutana na wasafiri hao njiani akitokea huko, akamsihi Reed afuate njia ya kawaida. Reed hakusikia. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Katika milima ya Wasatch walilazimika kukata miti na kujichongea barabara. Baada ya hapo walikuta jangwa la chumvi. Waliambiwa lina urefu wa kilomita 65 hivi, kumbe lilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Familia ya Reed ilipoteza humo karibu maksai wake wote, na mali nyingi wakaiacha jangwani.

Uchovu ulizaa hasira. Mwanzoni mwa Oktoba magari mawili yalinaswa pamoja kwenye kilima cha mchanga, na ugomvi ukazuka. Dereva mmoja, John Snyder, alimpiga Reed kichwani kwa mpini wa mjeledi. Reed alimchoma kisu, na Snyder akafa. Wako waliotaka Reed anyongwe, lakini mwishowe walimfukuza peke yake nyikani, bila silaha. Usiku ule Virginia alimfuata kwa siri gizani, akampelekea bunduki na chakula. Kuanzia hapo Margret alibaki na watoto wanne katikati ya watu ambao baadhi yao walimchukia mumewe.

Kibanda cha familia ya Breen

Kwa kuwa njia ya mkato iliwachelewesha, theluji iliwakuta mwishoni mwa Oktoba chini ya safu ya Sierra Nevada. Walijaribu kuvuka wakashindwa, wakarudi kando ya ziwa ambalo leo linaitwa Ziwa la Donner. Kundi lilikuwa na watu 87 lilipokamilika, na karibu nusu yao hawakuiona California.

Sikukuu ya Noeli, Margret aliwatolea watoto wake maharage machache, tufaa zilizokaushwa, matumbo ya ng'ombe na kipande kidogo cha nyama ya nguruwe. Alikuwa amevificha kwa wiki kadhaa, akivumilia kuwaona wakilia njaa ili siku hiyo wale. Baada ya hapo walimla mbwa wao. Mwezi Januari Margret, Virginia na wenzao wawili walijaribu kuvuka mlima kwa miguu, wakarudi baada ya siku chache, mguu wa Virginia ukiwa umeungua kwa baridi. Ngozi za ng'ombe zilizoezeka kibanda chao zilikuwa sasa ndizo chakula. Hawakuwa tena na pa kujisitiri, wakapokewa na familia ya Breen.

Patrick na Margaret Breen walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland, wenye watoto saba. Kila asubuhi na kila jioni familia hiyo ilisali pamoja. Familia ya Reed haikuwa ya Kikatoliki, na Virginia hakuwahi kusikia sala kama zile. Usiku, Patrick alipohitaji kusoma kitabu cha sala, Virginia alimshikia vijiti vya msonobari vinavyowaka ili apate mwanga. Hatusikii popote kwamba mtu yeyote alijaribu kumshawishi abadili dini. Watu wale walikuwa wanamwomba Mungu awape uhai, naye alikuwa pale, ameshika mwenge.

Virginia hakuweza kabisa kula ngozi zile zilizochemshwa. Mama Breen alipogundua hilo, alikuwa akimpa kwa siri vipande vidogo vya nyama, ingawa alikuwa na watoto wake saba wa kulisha, mmoja wao akiwa bado ananyonya. Sala ya nyumba ile na mkono wa mama yule vilikwenda pamoja, na tunaamini kimoja bila kingine kisingemgusa Virginia hivyo.

Usiku mmoja wa baridi kali, wote wakiwa wamelala wamejikunyata, Virginia alikosa usingizi. Aliona kifo kiko karibu. Alijikuta amepiga magoti gizani, akimwekea Mungu nadhiri kwamba akiwaletea msaada, na yeye akamwona tena baba yake, atakuwa Mkatoliki.

Msaada unafika

Tarehe 18 Februari 1847 watu saba walitokea juu ya theluji wakiwa wamebeba chakula. Familia ya Reed iliondoka nao, lakini Patty, mwenye umri wa miaka minane, na Thomas hawakuweza kutembea, ikabidi warudishwe. Patty alimwambia mama yake kwamba wasipoonana tena, basi ajitahidi kadiri awezavyo. Familia ya Breen ilisita kuwapokea watoto wale, kwa kuwa chakula chao nacho kilikuwa kikiisha, kisha ikawapokea. Hawakuwa watakatifu wa kwenye picha. Walikuwa wazazi wenye njaa.

James mdogo alitembea kwenye theluji iliyomzidi kimo, huku mama na dada yake wakimtia moyo kwamba kila hatua inamsogeza karibu na baba na chakula. Na kweli, siku chache baadaye walimkuta James Reed njiani. Alikuwa amefika California, akajaribu kurudi mapema akazuiwa na theluji, kisha akakusanya watu na michango, na sasa anakuja na kundi la pili la waokoaji. Aliendelea hadi ziwani, akawakuta Patty na Thomas wako hai.

Kati ya waliobaki, baadhi walilazimika kula miili ya wafu. Tusiwahukumu, tuwaombee. Familia ya Reed ilitoka nzima, wote sita, na familia ya Breen ilitoka nzima, wote tisa.

Nadhiri inatimizwa

Nadhiri ya njaa husahaulika kirahisi wakati wa shibe. Familia ya Reed ilihamia San José, ikapata mashamba na utajiri, na ikamlea Mary Donner, mmoja wa watoto yatima wa safari ile. Virginia angeweza kusema kwamba alikuwa mtoto, na kwamba hofu ndiyo iliyosema. Hakusema hivyo. Alipokelewa katika Kanisa Katoliki, na mwaka 1850 akaolewa na John Murphy, wa familia ya Kikatoliki kutoka Ireland, wakajaliwa watoto tisa.

Hapa kuna jambo la kushangaza. John Murphy na ndugu zake walikuwa wamevuka milima ileile mwaka 1844, na vijana wa msafara wao walijenga kibanda cha magogo kando ya ziwa. Kibanda hicho hicho ndicho familia ya Breen ilikikuta na kuishi humo. Virginia aliweka nadhiri yake chini ya paa lililojengwa na wasafiri wenza wa mume wake wa baadaye.

Mwaka 1891 aliandika kumbukumbu zake katika jarida moja la Marekani, na ndizo zinazotujulisha mengi ya haya. Alifariki mwezi Februari 1921, akiwa na umri wa miaka 87.

Sisi tulio seminarini tunajiandaa kuweka ahadi mbele ya Mungu, na Virginia anatukumbusha kwamba ahadi hupimwa baada ya hatari kupita. Na ninyi wazazi wa parokia zetu, sala ya jioni inapoonekana nzito, watoto wanasinzia na chakula ni kidogo, msidhani hakuna anayesikia. Huenda yupo mtoto wa jirani, au msichana wa kazi, aliyewashikia taa. Mkiisha kusali, mpeni naye kipande chake.